MTU WA PILI ALIYEKUWEPO KILA MWAKA: JUMA IKANGAA NA MSTARI WA MIAKA TISA

SEHEMU YA 1: Swali la inbox

Natoka zamu ya usiku, nimekunywa chai, nimekaa. Leo ni siku ya historia kama kawaida yetu.

Wiki iliyopita niligusia wanariadha wetu wa zamani, nikamtaja Juma Ikangaa kwa sentensi moja tu. Kumbe nimechokoza. Kijana mmoja akaniandikia inbox: "Sista, huyo Ikangaa si ndiye aliyeshindwa Boston mara tatu? Kwa nini usituandikie washindi?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kwa sababu kijana hajasema uongo. Boston alikuwa wa pili mwaka 1988, wa pili mwaka 1989, wa pili mwaka 1990. Ukimsoma hivyo, utasema ni mtu aliyekosa bahati. Wengine wataenda mbali zaidi na kusema hakuwa na kitu cha mwisho, cha kumalizia.

Lakini mimi ni nesi. Kazi yangu ya kila siku ni kusoma kadi. Mama akija kliniki na mtoto, siangalii uzito wa leo peke yake, kwa sababu uzito wa siku moja unaweza kukudanganya: mtoto kaharisha jana, au kanyonya sasa hivi, au mzani wenyewe haujakaa sawa. Naangalia nukta za miezi yote, naziunganisha, naona mstari unaelekea wapi. Hivyo hivyo kwa mzee wa presha. Namba moja ni habari ya asubuhi moja. Kadi nzima ndiyo inayonieleza huyu mtu anaishije.

Basi nikasema, ngoja nimtengenezee Ikangaa kadi yake. Tuisome pamoja, kisha wewe mwenyewe uamue kama ni kadi ya mtu aliyeshindwa.

SEHEMU YA 2: Kwanza tujue marathoni ni nini

Marathoni ni kilomita 42.195. Kwa mtu wa huku kwetu: safari ya kutoka Kyela mjini, upite Ipinda, uende mpaka Matema ziwani, inakaribia urefu huo. Wengi wetu tumeipiga kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa Noah iliyojaza mpaka mlango haufungi. Unajua jasho lake.

Sasa sikia. Ikangaa alipokimbia vizuri kuliko siku zote alitumia saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Piga hesabu, ni kama dakika 3 na sekunde 2 kwa kila kilomita, na hakuna kilomita ya kupumzika. Kwa saa ni karibu kilomita 20. Kapande baiskeli yako, ujaribu kushika mwendo huo kutoka stendi ya Kyela mpaka Ipinda tu, halafu uniambie.

Kitu kingine ambacho wasiokimbia hawakijui: mwili hauwezi kukimbia hivyo kila wiki. Sukari inayohifadhiwa kwenye misuli na ini inakwisha njiani, nyuzi za misuli zinachanika, maji na chumvi vinapotea. Mkimbiaji wa kiwango cha juu anapata marathoni mbili au tatu nzuri kwa mwaka. Kwa hiyo mwaka mzima wa mazoezi unapimwa kwa asubuhi mbili tatu. Ukiamka na homa siku hiyo, mwaka umekwenda. Ukiumia goti mwezi mmoja kabla, mwaka umekwenda.

Ndiyo maana wakimbiaji wengi wana marathoni moja kubwa maishani. Wanang'aa siku moja, jina linaandikwa, halafu huwasikii tena. Si kwamba ni wavivu. Mwili unagoma, pesa inaisha, maisha yanaingilia. Kukimbia vizuri mara moja ni jambo kubwa sana. Kukimbia vizuri mwaka baada ya mwaka ni jambo la aina nyingine kabisa, na hilo ndilo ninalotaka tulitazame.

SEHEMU YA 3: Kadi yenyewe

Juma Ikangaa alizaliwa mwaka 1957, Dodoma. Akawa askari wa Jeshi la Wananchi, JWTZ. Mwili mdogo, mwepesi. Alianza kuonekana duniani mwaka 1982, na nyie mliokuwepo mnaikumbuka miaka hiyo ilivyokuwa: vita vya Kagera vimeisha juzi, nchi imechoka, sabuni ni foleni, sukari ni foleni. Mtu wa nchi iliyokuwa ikihesabu vipande vya sabuni ndiye aliyekwenda kusimama mstari mmoja na wakimbiaji wa Australia, Japani na Marekani.

Mwaka huo huo wa 1982 alikuwa bingwa wa Afrika wa marathoni kule Cairo. Halafu hii hapa kadi. Nimechukua baadhi ya zile mbio zake kubwa alizomaliza wa kwanza au wa pili:

1982, Brisbane, Michezo ya Jumuiya ya Madola: wa pili, 2:09:30
1983, Fukuoka: wa pili, 2:08:55
1984, Tokyo: wa kwanza, 2:10:49
1986, Tokyo: wa kwanza, 2:08:10
1986, Fukuoka: wa kwanza, 2:10:06
1988, Boston: wa pili, 2:08:44
1989, Boston: wa pili, 2:09:56
1989, New York: wa kwanza, 2:08:01
1990, Boston: wa pili, 2:09:52

Soma tena taratibu. Usiangalie nafasi kwanza, angalia muda. Kutoka mwaka 1982 hadi 1990 ni misimu tisa. Muda wake wa haraka kuliko wote hapo ni 2:08:01, wa polepole kuliko wote ni 2:10:49. Tofauti yake ni dakika 2 na sekunde 48. Miaka tisa, mabara tofauti, joto na baridi, milima na tambarare, na katika mbio hizi mtu hatoki nje ya dakika tatu!

Sitaki kukuficha kitu, maana kadi iliyofichwa namba haina faida. Kwenye Olimpiki hakupata medali. Los Angeles 1984 alikuwa wa sita, 2:11:10. Seoul 1988 alikuwa wa saba, 2:13:06. Barcelona 1992, ambapo umri ulishaanza kudai chake, alimaliza mbali nyuma. Hizo nazo ni nukta zake. Lakini hata hapo angalia: wa sita duniani, miaka minne baadaye wa saba duniani. Ni mtu yule yule, sehemu ile ile.

Kliniki tuna mistari ya aina mbili tunayoipenda. Kwa mtoto tunataka mstari upande, ukilala tunaogopa. Kwa mgonjwa wa presha tunataka mstari utulie, leo kama jana, mwezi huu kama mwezi ule. Watu hudhani mstari uliotulia ni mstari ambao hakuna kinachotokea. Si kweli. Nyuma ya ule utulivu kuna vidonge vya kila siku, chumvi iliyopunguzwa, kutembea, kuja kliniki mvua ikinyesha. Utulivu ule unafanyiwa kazi. Mstari wa Ikangaa ni wa aina hii ya pili.

SEHEMU YA 4: Sekunde 16

Haya, sasa turudi kwa kijana wa inbox na neno lake "aliyeshindwa".

Brisbane, 1982. Ikangaa na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga waliondoka mbele, wakawaacha wengine mbali. Rob de Castella wa Australia, akiwa nyumbani kwao, akaja kuwakuta. Mwishoni wakabaki wawili, de Castella na Ikangaa, wakipokezana uongozi. De Castella akashinda kwa 2:09:18. Tofauti ni sekunde 12.

Fukuoka, 1983. Ikangaa aliongoza sehemu kubwa ya mbio. Nyuma yake Toshihiko Seko wa Japani alitulia kama paka. Wakaingia uwanjani pamoja, Seko akachomoka hatua za mwisho. 2:08:52 kwa 2:08:55. Sekunde 3.

Boston, 1988. Enzi zile mbio za Boston zilianza saa sita mchana ya kwao, ambayo kwetu ni saa moja jioni. Yaani saa tatu usiku na dakika kama nane, huku Kyela watu wameshakula, vibatari vinazimwa, kule mtu wetu yuko barabara ya mwisho akiwa mbele. Ibrahim Hussein wa Kenya akampita mita za mwishoni kabisa. 2:08:43 kwa 2:08:44. Sekunde 1. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston, na jina lake likaandikwa kwenye historia kwa haki yake.

Jumlisha: 12, 3 na 1. Ni sekunde 16. Mbio tatu, zaidi ya kilomita 126, na kilichomtenganisha na ushindi wote watatu ni sekunde 16. Mimi nikitafuta mshipa wa mgonjwa aliyeishiwa maji natumia muda mrefu zaidi ya huo.

Mzee wangu ndiye aliyenisimulia kwa mara ya kwanza habari ya Boston 1988. Alikuwa mtu wa Radio Tanzania Dar es Salaam, betri anazianika juani zikiishiwa nguvu. Anasema alisikia kwenye taarifa ya habari kwamba Ikangaa amekuwa wa pili kwa sekunde moja, akatoka nje, akasimama chini ya mwembe, hakuongea. Mama akamuuliza kuna msiba gani. Akajibu, "Hakuna msiba. Mwakani atakuwepo."

Nilipokuwa mdogo niliona ni jibu la mtu anayejifariji. Sasa naona mzee alikuwa anasoma kadi. Hakusema "mwakani atashinda." Alisema atakuwepo. Na kweli mwakani, 1989, Ikangaa alikuwepo Boston. Safari hii aliyempita ni Abebe Mekonnen wa Ethiopia, 2:09:06. Mwaka 1990 alikuwepo tena, akatoka kwa kasi kali tangu mwanzo kama kawaida yake, akapitwa na Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa Seoul, 2:08:19.

Umeona kitu hapo? Miaka mitatu, washindi watatu tofauti: Mkenya, Muethiopia, Muitaliano. Aliyekuwa wa kwanza alibadilika kila mwaka, wa pili hakubadilika. Kila aliyetaka kushinda Boston miaka ile ilibidi ampite mtu mmoja kwanza, na mtu huyo alikuwa ni wetu.

Wapo wanaosema kosa lake lilikuwa kuongoza mno, angejificha nyuma angeshinda nyingi. Inawezekana. Anayeongoza ndiye anayekata upepo na ndiye anayeamua mwendo, wa nyuma anasubiri tu. Lakini mtindo huo huo ndio uliompa muda ule wa kila mwaka. Hakuwa mtu wa kungoja siku iwe nzuri. Alikuwa anaifanya mbio iwe ya kasi yeye mwenyewe, awe anashinda au anapitwa.

Na katikati ya hizo Boston tatu kuna Novemba 1989, New York. Alishatoka kuwa wa pili mara mbili mfululizo. Wengi wangekaa nyumbani. Yeye akaenda, akashinda kwa 2:08:01, rekodi mpya ya mbio zile. Rekodi hiyo ilikaa mpaka mwaka 2001, alipoivunja Tesfaye Jifar wa Ethiopia. Miaka 12! Katika mji ambao kila mwaka wanakwenda wakimbiaji bora wa dunia, kwa miaka 12 hakuna aliyeufikia muda wa askari wa JWTZ.

SEHEMU YA 5: Mwaka 1986, na vyungu vya Ikombe

Hapa naomba nikusimamishe kidogo kwenye mwaka mmoja, 1986, maana najua wazee wa huku wanaukumbuka kwa jambo lingine.

1986 ndio mwaka wa Banyambala! Tukuyu Stars, timu ya jirani zetu wa hapo juu Rungwe, ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Timu ya mji wa chai na ndizi iliwapita Simba na Yanga. Mpaka leo ukikaa kijiweni na wazee wa Tukuyu watakutajia kikosi kizima kama wanasoma sala. Nami nafurahi nao, ni fahari ya ukanda wetu. Lakini ubingwa ule haukujirudia tena.

Mwaka huo huo Ikangaa alishinda Tokyo mwezi Februari, akashinda Fukuoka mwezi Desemba. Na kwetu, nadhani ni wachache sana waliozipigia mbio zile ngoma. Siwalaumu. Macho ya binadamu yameumbwa kuona radi, siyo kuona taa iliyowashwa usiku kucha. Timu inayoibuka inakuwa hadithi. Mtu anayefanya lile lile alilolifanya mwaka juzi, vizuri kama mwaka juzi, anaonekana kama sehemu ya nyumba.

Hata John Stephen Akhwari tumemfanyia hivyo. Dunia nzima inamjua kwa usiku mmoja wa Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani wa mwisho kati ya waliomaliza. Ni picha nzuri, inastahili. Lakini nani anakumbuka kwamba mwaka 1970 kule Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano kwa muda wa 2:15:05? Yule hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mkimbiaji hodari ambaye siku moja aliumia. Tumechukua nukta moja ya kadi tukatupa zilizobaki.

Ukitaka kuuelewa uhodari wa aina hii huna haja ya kwenda Boston. Nenda soko la Lusungo, Matema, Jumamosi. Utawakuta akina mama wa Kikisi wa Ikombe na vyungu vyao. Huo ni ufinyanzi wa vizazi vingi, uliopita kutoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa binti, na mitumbwi imevibeba vyungu hivyo kandokando ya ziwa letu tangu zamani sana. Hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Ni udongo, mikono, kipande cha kukwangulia, jiwe la kung'arishia, na moto wa wazi.

Chukua chungu kimoja, kigonge kwa kidole, sikiliza. Chukua cha pili, cha kumi. Mlio ule ule. Ukuta unene ule ule kuzunguka mdomo wote. Hakuna mnunuzi anayemuuliza mama, "Kipi chungu chako bora maishani?" Swali hilo halina maana pale. Sifa ya mama yule ni kwamba ukinunua chochote kwenye lundo lake, hata ukifumba macho, hakitakupasukia jikoni. Miaka yote ile ya udongo mbaya, kuni mbichi na mvua ya ghafla, hayo ni matatizo yake, wewe huyaoni. Wewe unaona chungu tu.

Basi zile nukta tisa za Ikangaa mimi naziona kama lundo la vyungu vya Ikombe. Gonga chochote.

SEHEMU YA 6: Tokyo tena, 2025

Sasa usidhani hadithi imeishia mwaka 1990.

Alphonce Simbu, naye ni askari wa JWTZ. Mfungulie kadi. Rio 2016, Olimpiki, wa tano. London 2017, Mashindano ya Dunia, wa tatu, medali ya shaba. Olimpiki ya Tokyo iliyokimbiwa 2021, marathoni yake ikiwa Sapporo, wa saba. Miaka inapita, watu wanasema, "Simbu bado yupo?" Yupo. Aprili 2025, Boston, wa pili, 2:05:04. Wa pili Boston! Nadhani mzee wangu angetoka tena nje akasimame chini ya mwembe.

Halafu Septemba 2025, Mashindano ya Dunia, Tokyo. Mji ule ule ambao Ikangaa alishinda mwaka 1984 na 1986. Wanaingia mita za mwisho, Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani, bega kwa bega. Wote wanaandikiwa 2:09:48. Ikabidi picha iamue, na tofauti ilikuwa sehemu 3 za mia za sekunde. Simbu wa kwanza. Dhahabu ya kwanza kabisa ya Tanzania kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Mwaka 1988 sekunde moja ilitunyima. Mwaka 2025 chini ya sekunde moja ikatupa. Mtu atasema ni bahati imegeuka. Mimi nasema bahati kweli ilikuwepo siku zote mbili, maana kipimo kidogo namna ile hakuna mwili wa binadamu unaoweza kukipanga. Lakini bahati inamkuta mtu aliyefika pale. Simbu alifika pale mbele mwaka 2016, 2017, 2021, na tena 2025. Angeacha baada ya ile nafasi ya saba, tungeandika habari nyingine kabisa.

Na Ikangaa mwenyewe hakukaa kuhesabu zile sekunde. Mwaka 2017 mashindano ya wasichana na wanawake ya Ladies First yalianza Dar es Salaam, yeye akiwa mmoja wa waliosukuma wazo hilo, pamoja na JICA la Japani, nchi iliyompenda tangu siku za Fukuoka na Tokyo. Wasichana kutoka mikoani wanakwenda kukimbia. Hata hapo utamuona ni yule yule: jambo linalorudi mwaka ujao, siyo la siku moja.

SEHEMU YA 7: Kwa nini nesi anaandika haya

Nimalizie na hili, ndilo lililonifanya nikae kuandika badala ya kulala.

Mwezi uliopita alirudi kwetu baba mmoja. Sitamtaja, na nimebadilisha vitu vidogo asijulikane. Alikuwa kwenye dozi ya kifua kikuu. Dozi ya kawaida ni miezi sita. Mwezi wa pili kikohozi kilikata, uzito ukarudi, akaanza kwenda shamba, mpunga ukamsubiri. Akaacha dawa. Nilipomuuliza akaniambia kwa unyenyekevu kabisa, "Sista, niliona nimepona."

Hakuwa mjinga. Alisoma nukta moja, siku aliyojisikia vizuri, akadhani ndiyo kadi nzima. Wadudu waliobaki mwilini hawakuwa na haraka. Sasa tunaanza upya, na safari hii kuna wasiwasi wa usugu, na nyumbani ana watoto watatu ambao nao ilibidi tuwapime.

Kuna siku nikiwa nimekaa naye akasema, "Mwanzo nilikunywa vizuri sana, sista. Hata siku moja sikuruka." Nikamwambia, "Najua, baba. Sasa tuufikishe mwisho." Na moyoni nikamkumbuka Ikangaa. Kwa sababu mwezi wa kwanza kila mtu ni shujaa. Ndugu wanakuja na ndizi, jirani anakuulizia, wewe mwenyewe unaogopa kufa. Mwezi wa tano hakuna anayekupigia makofi. Unameza kidonge peke yako asubuhi, hujisikii mgonjwa, hujisikii shujaa. Pale ndipo kazi ilipo.

Na sisi manesi ni hivyo hivyo, tusidanganyane. Mtu hukumbuka ile siku moja tuliyookoa mama aliyekuwa anavuja damu. Hakuna anayekumbuka mikono iliyooshwa mara elfu, chanjo zilizowekwa kwenye baridi sahihi kila siku, kadi zilizojazwa bila kuruka mstari. Mimi mwenyewe kuna mwaka nilitaka kuacha kazi hii. Nilichoka kuwa mtu ambaye yupo tu. Nikiri kwamba hadithi ya mzee ya chini ya mwembe ni moja ya vitu vilivyonirudisha wodini.

Kwa hiyo, kijana wangu wa inbox, nimekujibu. Uliniomba niandike washindi. Ukitaka ushindi, anao: Tokyo mara mbili, Fukuoka, New York. Lakini mimi sikuvutiwa na hizo nne peke yake. Nimevutiwa kwamba ukinitajia karibu mwaka wowote kati ya 1982 na 1990, naweza kukuambia alikuwa wapi na alikimbiaje, na jibu halitakushangaza.

Baba yule wa kifua kikuu yuko mwezi wa kwanza tena. Jana asubuhi alifika kabla sijafungua dirisha la dawa, nikamkuta kakaa kwenye benchi na kadi yake mkononi. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha siku hiyo. Leo nimeangalia kabla sijatoka zamu, nacho kina alama.

Nyie mliokatisha dozi, ya kifua kikuu, ya presha, ya chochote, njooni. Hatutawagombeza. Tutaanza tena pamoja. Na wazee mlioisikia Boston 1988 kwenye redio, niandikieni mlikuwa wapi, nitakusanya majibu kwa sehemu ijayo.

Naenda kulala sasa.